Je, Wajua? Sikio la Mtoto, Kutoka Mwadui Hadi Geita

Safu yetu leo imeshukia Shinyanga na Geita, nchi ya almasi, pamba na dhahabu. Tunazungumzia usikivu wa watoto: unavyopotea, unavyookolewa, na kwa nini mara nyingi dawa iko karibu kuliko tunavyodhani.

HESABU KWANZA

1. Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto milioni 34 duniani wana tatizo la kusikia linalohitaji matibabu, vifaa au msaada mwingine? Watanzania wote waliohesabiwa katika Sensa ya 2022 walikuwa milioni 61.7. Watoto hao, basi, ni zaidi ya nusu yetu sote.

2. Wajua kwamba asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza usikivu vinatokana na mambo yanayozuilika? Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, WHO ilikadiria mwaka 2016 kuwa kiwango hicho kinafika asilimia 75. Maana yake, kwetu sisi, watoto watatu kati ya wanne wangeweza kukingwa.

3. Geita ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012 tu, na kufikia sensa ya 2022 ilikuwa na watu karibu milioni 3. Shinyanga ilikuwa na milioni 2.2. Katika nchi nyingi za kipato cha chini, daktari bingwa wa masikio, pua na koo hafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Ndiyo maana mtu wa kwanza kugundua tatizo la sikio kijijini si bingwa. Ni mama, bibi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

SIKIO LENYEWE

4. Mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko sikioni. Unaitwa kikuku, una urefu wa milimita 3 hivi, mfupi kuliko punje ya mchele. Pamoja na wenzake wawili, nyundo na fuawe, hupokea mtikisiko wa ngoma ya sikio na kuupeleka ndani.

5. Je, wajua kuwa katika kusikia kuku ametuzidi? Ndani kabisa ya sikio la binadamu kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Zikifa kwa kelele, maradhi au dawa, hazioti tena. Za kuku huota upya, na wanasayansi waligundua hilo miaka ya 1980.

6. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, katika nusu ya pili ya ujauzito. Ndiyo maana anapozaliwa tayari anaitambua sauti ya mama yake.

7. Na kwa nini watoto wadogo huugua masikio kuliko wakubwa? Mrija unaounganisha sikio la kati na koo kwa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupanda kirahisi. Moshi wa kuni jikoni huongeza hatari. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo huipunguza, na kumpa chupa akiwa amelala chali huirudisha.

MARADHI NA CHANJO

8. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua kuwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama waliougua rubela wakati wa ujauzito. Muda mfupi baadaye ikabainika kuwa wengi wa watoto wa namna hiyo walikuwa pia viziwi. Mama mwenyewe anaweza kupata vipele na homa ndogo tu, akapona na kusahau.

9. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, kwa kampeni ya Oktoba iliyowalenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Sasa hutolewa mara mbili: akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anakuwa ameshatembea na mama ameshaacha mazoea ya kliniki. Fungua kadi uangalie.

10. Homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa maradhi yanayoweza kumwacha mtoto kiziwi ndani ya siku chache. Chanjo ya nimonia, inayotolewa nchini tangu 2013 mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, hukinga pia dhidi ya kimelea kimoja kikubwa cha ugonjwa huo. Mtoto akipona homa ya uti wa mgongo, omba apimwe masikio kabla hamjarudi nyumbani.

11. Matubwitubwi nayo yanaweza kuua usikivu wa sikio moja bila mtu yeyote kugundua. Mtoto anaendelea kusikia kwa sikio la pili, ila akiitwa anageukia upande usio wenyewe.

12. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa. Seli zenye umbo la mundu huweza kuziba mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya sikio la ndani. Anayehudhuria kliniki ya selimundu apimwe na usikivu.

13. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyezaliwa njiti, au aliyepata manjano makali siku za mwanzo, yuko kwenye hatari zaidi. WHO ilikadiria kuwa matatizo ya wakati wa kuzaliwa yanachangia asilimia 17 ya visa vya watoto kupoteza usikivu. Kujifungulia kituo cha afya, basi, ni kinga ya sikio pia.

DAWA ZINAZOGUSA SIKIO

14. Utafiti wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi kwa asilimia 17 ya watoto wadogo mkoani Geita, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuathiri usikivu, na kwinini huleta mlio masikioni, ingawa mara nyingi mlio huo huisha dawa ikiisha. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010, uliohusisha pia watoto wa Muheza na Korogwe, ulionyesha kuwa sindano ya atesuneti huokoa maisha zaidi kuliko kwinini kwa malaria kali.

15. Gentamisini ni sindano inayookoa vichanga wengi. Ikitolewa kwa dozi isiyo sahihi au kwa muda mrefu kupita kiasi, huua zile seli zenye vinyweleo tulizozitaja. Hospitalini dozi hupigwa hesabu kwa uzito wa mtoto. Sindano ya kuchomwa uani na mtu aliyeuziwa dawa mnadani haina hesabu hiyo.

16. Kanamaisini, dawa ya sindano ya kifua kikuu sugu, iliwaacha wagonjwa wengi bila usikivu. Tangu 2018 WHO imeshauri iachwe na kuhimiza vidonge badala yake. Kwa mikoa ya migodi, ambako kifua kikuu ni jirani wa kila siku, hiyo ni habari njema.

USAHA SIKIONI

17. Je, wajua kwamba maumivu ya sikio yakikoma ghafla huenda si kupona? Mtoto analia usiku kucha, alfajiri ananyamaza, na mto umelowa usaha. Ngoma ya sikio imetoboka, ndiyo maana maumivu yamekata. Hapo ndipo wazazi wengi hupumua, na hapo ndipo matibabu yanapotakiwa kuanza.

18. Usaha ukitoka zaidi ya siku 14, tatizo limekuwa sugu. Nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

19. Utafiti wa wanafunzi wa shule za msingi Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuta usaha sugu kwa takriban asilimia 9 ya watoto wa maeneo ya vijijini, na asilimia 1 tu ya watoto wa mjini. Mkoa ni mmoja, huenda tofauti inatokana na umbali wa zahanati na hali ya maisha.

20. Tiba ya kwanza ya sikio linalotoa usaha haihitaji umeme wala mashine. Chukua kitambaa safi cha pamba, ukisokote kiwe utambi wenye ncha. Vuta sikio la mtoto taratibu, ingiza utambi mpaka ulowe, utoe, utupe. Sokota mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku, kisha tia matone aliyoandika mhudumu wa zahanati. Usiache utambi ndani, na mtoto asiogelee ziwani wala bwawani mpaka apone.

21. Mafuta ya moto, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo: vyote hutiwa masikioni mwa watoto, na vyote hupeleka vijidudu vipya mahali penye kidonda. Unyoya wa kuku na njiti ya kiberiti vimetoboa ngoma nyingi za masikio. Nta usiikwangue, imewekwa hapo kulinda, na kwa kawaida hutoka yenyewe.

22. Mtoto akijiingiza harage au punje ya hindi sikioni, usimwage maji. Punje itavimba na kukwama. Mdudu aliye hai huzimwa kwanza kwa matone machache ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto, ilimradi sikio halina tundu wala usaha, kisha mtoto apelekwe zahanati. Betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea ni dharura: huanza kuunguza ndani ya saa chache.

23. Kofi moja la sikioni linatosha kutoboa ngoma ya sikio. Mzazi na mwalimu, mkono huo ushusheni.

KWENYE MAKARASHA NA MACHIMBO

24. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson, raia wa Kanada, mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Migodi mikubwa ina taratibu za kukinga masikio ya wafanyakazi wake. Kwa wachimbaji wadogo, karasha linasaga mawe mita chache kutoka kwa mama ntilie na mwanawe aliye mgongoni, na hakuna aliyevaa chochote masikioni.

25. Kiwango kinachotumika sana kwa kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Mashine za kusaga mawe mara nyingi huvuka 90. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima. Kwa mtoto, WHO hutaka tahadhari kubwa zaidi.

26. Penye makarasha watu wote hupaza sauti, wote huonyeshana kwa mikono. Mtoto asiyesikia hapo haonekani tofauti na wengine. Tatizo hujulikana siku anapoanza shule, na miaka mitano au sita imeshapita.

27. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto katika kazi za hatari, uchimbaji ukiwemo. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyowakuta watoto, wengine wa miaka 8, wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu, yakiwemo ya Geita na Shinyanga, na wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

28. Zebaki inahusika vipi na sikio? Hushambulia mfumo wa fahamu. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na zebaki kwenye samaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kupungua kwa usikivu kulikuwa miongoni mwa dalili, na watoto walizaliwa wakiwa wameathirika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kuchoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye jiko la nyumbani, mtoto akiwa amekaa pembeni, bado kunaendelea. Usichomee nyumbani.

KUMTAMBUA MAPEMA

29. Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Wa miezi 6 hugeukia sauti. Wa mwaka mmoja huitika jina lake na hutamka neno moja moja. Wa miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "nataka maji". Hatua mojawapo ikikosekana, mpeleke akapimwe. "Atasema tu, hata baba yake alichelewa" si kipimo.

30. Je, wajua kwamba mtoto kiziwi naye hucheka na kubwabwaja miezi ya mwanzo? Kisha sauti hupungua, kwa sababu mtoto mwenyewe haisikii. Wazazi wengi hudanganyika hapo. Na takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi wana wazazi wanaosikia, kwa hiyo "kwetu hakuna kiziwi" pia si kinga. Wala si uchawi wa jirani.

31. Wataalamu wana kanuni ya 1-3-6: mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Lugha huota haraka zaidi miaka mitatu ya mwanzo, iwe ya sauti au ya alama.

32. Simu ya mkononi inaweza kupima usikivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walitengeneza programu ya hearScreen, ambayo mhudumu wa jamii huitumia baada ya mafunzo mafupi, akiwa na simu na hedifoni maalumu.

33. Mwanafunzi anayeitwa mtoro wa akili, mkaidi au mzito huenda hasikii vizuri. Mwalimu akizungumza huku akiandika ubaoni, mtoto huyo hupoteza hata midomo aliyokuwa akiisoma. Mhamishie dawati la mbele, umgeukie unapozungumza. Gharama yake ni sifuri.

SHULE, VIFAA, HOSPITALI

34. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora, jirani kabisa na Shinyanga, mwaka 1963, na Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilianzishwa miaka ya 1980.

35. Shule ya Msingi Buhangija Jumuishi, Manispaa ya Shinyanga, inajulikana kwa kuwapa hifadhi watoto wenye ualbino wakati wa mauaji dhidi yao yaliyotikisa Kanda ya Ziwa. Wachache wanajua kuwa inafundisha pia watoto viziwi na wasioona.

36. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya alama, ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kufanya hivyo. Kenya ilifuata katika Katiba ya 2010.

37. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, bila betri ni pambo tu, na betri zake ndogo huisha ndani ya wiki moja au mbili. Huko Otse, Botswana, miaka ya 2000 mafundi viziwi walianza kuunganisha vifaa vya Solar Ear vinavyochajiwa kwa jua. Na kumbuka, kile kipande cha kuingia sikioni hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua.

38. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo awali wagonjwa waliifuata India. Hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo sana. Lakini kutoka Geita hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na baada ya upasuaji kuna mazoezi ya muda mrefu.

39. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 anayetoka Geita havuki tena kwa kivuko Busisi: anapita Daraja la J.P. Magufuli, la kilomita 3. Kisingizio kimoja kimepungua.

40. WHO inakadiria kuwa kuongeza chini ya dola 1.40 za Marekani kwa kila mtu kwa mwaka kungetosha kupanua huduma za masikio duniani. Siku ya Usikivu Duniani ni Machi 3 kila mwaka. Tarehe hiyo, 3/3, ilichaguliwa kwa sababu tarakimu zake mbili zina umbo la masikio mawili.

SASA WEWE

Mengi kati ya haya 40 hayahitaji bingwa wala safari ya Dar es Salaam. Yanahitaji chanjo ya miezi 18, utambi safi, mtoto aondolewe kwenye karasha na zebaki, na mtu mzima anayeshtuka mapema. Siku ya kliniki ijayo, usiondoke na uzito wa mtoto peke yake. Mwulize mhudumu: "Masikio yake je?" Na akisema yuko sawa lakini moyo wako unakataa, omba rufaa. Ni haki ya mtoto wako.